Mzazi akifa una siku nne, akiumwa jipange mwenyewe

Mwaka juzi niliingia ofisini kwa afisa utumishi wetu na fomu ya ruhusa mkononi, akaisoma, akaniangalia, akasema kwa upole kabisa, "Pole sana kaka, nani amefariki?" Nikamwambia hajafa mtu, mama kapata kiharusi, nataka nikakae nae Korogwe wiki mbili tatu hivi. Hakukasirika wala nini, ila alibaki kama mwalimu aliyeulizwa swali ambalo halipo kwenye kitabu. Akageuza fomu mbele nyuma, akaniambia hicho kipengele hakipo, labda nitumie likizo yangu ya mwaka.

Nikajua ananizingua, nikaenda kusoma mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34. Inasema mfanyakazi apewe angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiumwa au akifariki, na siku hizo hizo 4 akifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada. Rudia tena hapo taratibu. Mtoto ametajwa kwenye kuumwa na kwenye kufa. Mzazi katajwa kwenye kufa tu. Sasa waajiri wenye huruma wapo na wengi tu wanakuachia, lakini huruma ya bosi leo ipo kesho hana mudi, huwezi kwenda nayo popote kudai.

Mi siamini waliotunga ile sheria walikuwa na roho mbaya. Nadhani waliandika kile tunachofanya wenyewe majumbani, maana kwenye kuzika hatuna mpinzani. Mtu akifa saa 4 asubuhi, saa 6 kamati imeshakaa, kuna mwenyekiti, kuna mhazini, kuna jamaa wa turubai na viti, kuna wakina mama na masufuria makubwa, na kuna mzee mmoja mwenye daftari la rambirambi anayeandika majina kwa mwandiko mzuri kuliko wa cheti cha ndoa. Hamna aliyefundishwa na kila mtu anajua afanye nini. Baba alivyofariki tulichangisha zaidi ya milioni nne kwa siku mbili, watu wengine sikuwa hata nawajua. Mama alivyoanguka tukafungua grupu la WhatsApp tukaliita Afya ya Mama, watu 31 mle ndani, mwezi ulivyoisha tulikuwa tumepata laki tatu na themanini na maua mengi sana ya emoji.

Na simlaumu mtu, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa watuma maua. Nilikuwa natuma elfu hamsini kila mwisho wa mwezi kwenye simu ya mdogo wangu, naandika "za mama hizo", nafunga simu, nalala vizuri. Najiona mtoto mwema. Mtaani kwetu Mbagala ukiniuliza nani anamtunza mama nakujibu bila aibu, mimi na ndugu zangu tunamtunza.

Anayemtunza ni kitinda mimba wetu. Ana miaka 34, alikuwa na genge la mboga na mashine ya kukoboa aliyokodi, hajaolewa, na pale ndipo tulipomkamatia. Hatukukaa kikao hata siku moja tukasema wewe ndio utakaa na mama. Ilijisemea tu. Huyu ana kazi Dar, huyu ana watoto wadogo, huyu yuko Uingereza, basi macho yote yakageukia kwa yule ambae tunaona mambo yake hayajakaa sawa. Nimeangalia familia za marafiki zangu wengi nikakuta ni hivyo hivyo, anayeuguza ni yule ambae muda wake wengine wanauona hauna bei. Genge likafa mwezi wa tatu. Hamna mtu aliyetangaza huo msiba kwenye grupu.

Zile siku nilizokaa Korogwe (likizo ya mwaka, yote) mdogo wangu alisafiri kwenda Tanga mjini siku nne kwa harusi ya rafiki yake, akaniachia nyumba na kaunta buku. Nilidhani ni daftari la madeni. Lilikuwa limeandikwa hivi, saa 11 alfajiri kugeuza kulia. Saa 12 uji nusu kikombe, kapaliwa kidogo. Saa 1 dawa ya presha. Saa 1 na nusu kugeuza kushoto, kubadili pampasi. Saa 3 mazoezi ya mkono, kagoma. Kurasa na kurasa, miezi saba. Mtu aliyepooza upande mmoja anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili hivi, la sivyo ngozi ya sehemu anayolalia inakosa damu na inaanza kufa, na kidonda kikishafunguka kwa mtu wa umri ule mwenye sukari kinaweza kukaa miezi. Hilo nililijua kwa kulisoma. Kulijua saa 8 usiku ni kitu kingine. Unaamka, unampitisha mkono chini ya bega, unavuta shuka badala ya kumvuta yeye kama ulivyoelekezwa, kiuno kinalia, mama nae anaona aibu kushikwa na mtoto wa kiume anageuza uso ukutani, mnamaliza wote hamsemi kitu. Halafu unalala saa moja na nusu kengele inalia tena.

Usiku wa tatu sikuisikia kengele mara mbili. Asubuhi kwenye nyonga kuna alama nyekundu upana wa kiganja cha mtoto. Mdogo wangu alivyorudi hata mkoba hakuuweka chini, alifunua shuka, akaibonyeza kwa kidole kuona kama wekundu unapotea, akaenda kuleta mto akauweka katikati ya magoti ya mama. Hakunisema. Bora angenisema.

Sasa tutoke kwangu maana hii sio habari ya familia moja. Watu wanapenda kusema zamani wazee walitunzwa vizuri, siku hizi vijana tumeharibika, utandawazi, sijui nini. Mi naona zamani kulikuwa na kitu ambacho hatukitaji, kulikuwa na malipo. Nina rafiki yangu Mchaga wa Kibosho, kwao kwa mila mtoto wa kiume wa mwisho ndie anabaki na nyumba ya baba na kihamba chake, yaani shamba la pale nyumbani. Tunacheka tunasema kitinda mimba kadekezwa, kumbe ule ulikuwa mkataba, wewe utabaki na wazee, utawazika, na migomba na kahawa ni yako. Kazi ilikuwa na ujira wake, na ujira ulikuwa ardhi. Leo ardhi imekatwa vipande vipande au imeuzwa, kazi imebaki vile vile, na mara nyingi imehamia kwa binti ambae kwenye ule mkataba wa zamani hata jina lake halikuwepo. Anafanya kazi ya kitinda mimba, siku ya mirathi wakija wakubwa wanamuuliza ataondoka lini.

Na mikono nayo inapungua. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 1991/92 ulionyesha mwanamke wa Tanzania anazaa watoto sita na ushee kwa wastani, ule wa 2022 ukaonyesha 4.8. Ni maendeleo na hakuna anayetaka turudi, ila fanya hesabu. Mama yangu ana watoto wanne, mmoja tu ndio kabaki karibu. Mimi nina watatu, na wote wanataka kwenda Canada.

Hapo ndio nakuja kwa kaka yangu wa Uingereza. Anafanya kazi ya kea. Usiku anawageuza wazee wa kizungu, anawabadilisha pampasi, anaandika kwenye faili saa ngapi kamgeuza nani, kazi ile ile neno kwa neno ya kaunta buku la Korogwe. Yeye kabla hajaanza alipelekwa kozi ya namna ya kumnyanyua mtu bila kuvunja kiuno, na analipwa kwa saa, na kule kima cha chini cha saa moja kwa mtu mzima Aprili 2025 kilipandishwa kuwa pauni 12.21, zaidi ya elfu thelathini ya kwetu. Kwa hiyo katika watoto wa mama yetu wawili ni wauguzi wa wazee. Mmoja tunamwita kaka wa ulaya, anajenga. Mwingine tunamuita yule aliyebaki nyumbani.

Kuna watu watasema serikali ifanye. Sawa, serikali imeandika mengi tu. Katiba ibara ya 11 inasema mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, maneno mazuri kabisa, isipokuwa ibara ya 7 imeshakwambia huwezi kwenda mahakamani kudai mambo ya sehemu hiyo. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003, na mzee wa miaka 60 asiyejiweza anatakiwa atibiwe bure. Dirisha la wazee kwa kweli lipo, tumelitumia, tulipokelewa kwa shikamoo na kiti, daktari akaona, akaandika dawa tano. Mbili zilikuwepo. Tatu tukaambiwa tukanunue nje, na kule nje hawana dirisha la wazee.

Bima ndio usiseme. Mimi nakatwa 3% ya mshahara na mwajiri anaweka 3%, na kwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, mwanachama anaingiza mwenza wake na wategemezi wanne, wawe watoto, wazazi au wakwe. Wanne. Nina watoto watatu, imebaki nafasi moja, na kuna mama yangu kitandani na mama mkwe wangu mwenye presha huko Kilosa. Mimi na mke wangu tulilizungukia hili jambo kama mwezi mzima, kila mtu anamsubiri mwenzake aseme, mpaka siku moja akaniambia, "Baba Asha, weka jina la mama wa Korogwe, wa kwangu bado anatembea." Sikujibu kitu, ningejibu nini, mtu anakupa kitu cha mama yake. Mtu aliyepanga iwe wanne alikuwa anapiga hesabu za mfuko na najua lazima mfuko usife, lakini ajue kwamba ile namba imeingia mpaka vyumbani kwa watu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni Novemba 2023 na kama itafika kwa watu wa sokoni na mashambani ilivyokusudiwa itatoa presha kubwa sana hapo. Hata hivyo bima inalipia kitanda cha hospitali. Mtu wa kugeuza nyumbani saa 8 usiku hayumo.

Pensheni nayo tumeijadili mpaka tukachoka, kikokotoo (kanuni ya kupigia hesabu mafao ya mstaafu) cha 2018 mpaka Magufuli akakisimamisha Desemba ya mwaka ule, kikaja cha 33% Julai 2022, bajeti ya 2024/25 ikapandisha mkupuo kuwa 40% kwa kundi moja na 35% kwa lingine. Ugomvi wa haki, sikatai. Ila mama yangu aliuza nazi na mchicha sokoni Manundu miaka zaidi ya thelathini, yeye kikokotoo kinamhusu nini? Zanzibar walilitazama hilo mapema, Aprili 2016 walianzisha Pensheni Jamii, umefikisha miaka 70 unapata 20,000 kwa mwezi bila kuulizwa uliajiriwa wapi, baadaye wakaipandisha hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, mzee wa 70 anapata shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi. Hela ndogo, najua mtanicheka. Lakini muulize mzee yeyote tofauti ya kuomba hela ya chumvi na kuwa na hela ya chumvi.

Makao ya wazee? Yapo, Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro, Sebleni na Welezo kule Unguja, ya wasio na ndugu. Ukimtaja mtu mwenye watoto hapo utalaaniwa ukoo mzima na mi sitaki kuingia huko leo, ila nishangae kidogo tu, aliyemfungia mama yake chumba cha uani na dada wa kazi wa miaka 15 ambae hajui hata kupima sukari hatumlaani, kwa sababu nyumba ni ya kwake.

Basi ninachosema mimi ni kidogo tu na kinaanzia kwenye familia maana sheria itachukua muda. Ile mashine yetu ya msiba, kamati, mhazini, daftari, tuiwashe mtu angali hai. Na kwenye hilo daftari tusiandike hela peke yake, tuandike na masaa. Kwa sababu hela ikishakuwa ndio kipimo pekee, anayetuma elfu hamsini anaonekana katoa na anayetoa usiku mzima anaonekana anakula hela zilizotumwa. Nimesikia kwa masikio yangu kwenye familia nyingine, dada anauguza baba mwaka wa pili anaulizwa risiti ya sabuni.

Na serikali nayo, kabla ya mambo makubwa, iongeze neno moja tu kwenye kifungu cha 34. Pale palipoandikwa mtoto akiumwa, mzazi naye aongezwe. Najua wenye viwanda watasema watu watatafuta visingizio, kila mtu atakuwa na mama mgonjwa Ijumaa. Ni kweli wataibuka hao, kama walivyo wanaozika bibi mmoja mara nne na hatujafuta siku za msiba kwa ajili yao. Daktari aandike cheti, siku 4, yaishe.

Nyumbani kwetu nililipeleka hili, nikasema tumlipe mdogo wetu kila mwezi, hela yake yeye, mbali na ya dawa na pampasi. Kilinuka. Kaka mkubwa akaandika kwenye grupu kwa herufi kubwa, YAANI TUMLIPE MTU KUMUUGUZA MAMA YAKE MZAZI, hiyo ni laana. Shangazi akamuunga mkono. Mama mdogo akaingia akauliza mbona kaka wa Uingereza analipwa kuuguza mama wa watu na hela yake mnaipokea mnasema Mungu ambariki. Kimya kama dakika arobaini hivi. Halafu kaka wa Uingereza mwenyewe akasema atatoa laki moja na nusu kila mwezi, sisi wengine tukagawana iliyobaki.

Hatukumuuliza mwenye kazi. Tulivyompigia kumpa habari njema akasema, "Asanteni kaka zangu, hela nitapokea, sitawadanganya. Ila mi naomba Jumapili." Akimaanisha kila Jumapili mmoja wetu awe pale, alfajiri mpaka usiku, ili yeye aende kanisani, alale, atembee tu hata bila sababu. Kujipangia zamu za Jumapili kulitushinda kuliko hela, niwaambie ukweli. Hela inatoka kwenye simu. Jumapili inabidi Jumamosi upande basi Mbezi, ukifika uoshe mikono, uulize mama kafanya haja saa ngapi.

Sasa hivi kaunta buku lina miandiko minne, wangu ndio mbaya kuliko yote. Kaka mkubwa zamu yake ya mwezi wa tatu hakuja, alibanwa, akatuma elfu hamsini na ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Mdogo wangu akairudisha yote. Makato ya kutuma kalipa yeye.